Kupanga Likizo ya Skii Katika Milima ya Alpi: Wiki Kwanza, Jina la Mahali Mwisho

Likizo ya kuteleza kwa skii huamuliwa Septemba na Oktoba, wakati theluji yenyewe haijaanguka na watu wangali wanatembea na fulana. Anayesubiri hadi Desemba ndipo aanze kuuliza bei hukuta nyumba nzuri zimeshachukuliwa, madarasa ya watoto yamejaa, na tiketi za ndege za Jumamosi za kwenda Geneva au Innsbruck zimepanda kupita kiasi. Mwongozo huu nimewaandikia hasa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya, pamoja na ndugu zao wanaotaka kuja kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat kuungana nao kwa wiki moja ya baridi, na ninachukulia kwamba walau nusu ya msafara haijawahi kusimama juu ya skii.

Familia nyingi zinazokwenda kwa mara ya kwanza hununua mlima mkubwa kuliko miguu yao. Sisi tulifanya hivyo. Tulikuwa watu sita, tukalipia pasi za siku sita za lifti, yaani mitambo inayowapandisha watu mlimani, kwa eneo zima lenye mamia ya kilomita za njia za kuteleza, kwa kuwa jina lake tulikuwa tumelisikia kwenye televisheni. Siku nne kati ya hizo sita tulizimaliza katika uwanja wa wanaojifunza, hatua chache kutoka mlangoni petu, tukipandishwa na mkanda unaotembea ambao mtu yeyote aliruhusiwa kuutumia bila malipo. Pasi zilikaa mifukoni kama hirizi. Tangu hapo napanga kwa utaratibu mmoja: kwanza wiki, pili kimo cha kijiji, tatu uwanja wa wanaoanza, na jina la mahali mwisho kabisa.

Kuchagua wiki

Msimu wa Alpi kwa kawaida huanza Desemba na kuendelea hadi katikati ya Aprili, ingawa sehemu zenye barafuto, yaani barafu ya mlimani isiyoyeyuka mwaka mzima, kama Hintertux nchini Austria na Zermatt nchini Uswisi, huwa na watu wanaoteleza hata katikati ya mwaka. Ndani ya miezi hiyo bei hufuata kalenda ya shule kuliko inavyofuata theluji. Wiki ya Krismasi na ya Mwaka Mpya ni ghali kila mahali. Februari ni ghali zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu Ufaransa hugawa likizo yake ya majira ya baridi katika kanda tatu zinazopishana tangu mapema Februari hadi mapema Machi, na katikati ya mwezi huohuo Waingereza nao hufunga shule kwa wiki moja. Matokeo yake ni foleni ndefu kwenye lifti, njia zilizojaa, na nyumba ambayo mwezi Januari ingekodishwa kwa bei ya kawaida sasa inatangazwa kwa bei ya kutisha.

Nafuu hupatikana katika vipindi vitatu: nusu ya kwanza ya Desemba, Januari baada ya sikukuu ya tarehe 6 ambayo Austria na Italia huiadhimisha kwa mapumziko, na nusu ya pili ya Machi. Desemba ya mwanzo ni bahati nasibu, kwa maana theluji huenda ikawa chache na nusu ya lifti zikawa hazijafunguliwa. Januari theluji huwa nzuri na watu wachache, lakini siku ni fupi na asubuhi baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Mtoto aliyefika juzi kutoka Tanga hatakusamehe haraka. Kwa wanaoanza mimi huchagua Machi. Jua linakaa, theluji ya adhuhuri ni laini na anayeanguka haumii sana, na mtu anaweza kupumzika nje na kikombe cha chokoleti ya moto bila kutetemeka. Ubaya wake ni kwamba theluji iliyoyeyuka jioni huganda usiku, kwa hiyo saa ya kwanza ya asubuhi njia huwa ngumu kama sakafu ya saruji. Hakuna haja ya kuwahi sana mwezi huo.

Kwa msimu wa 2026/2027 kuna jambo moja zaidi la kuzingatia. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza takriban tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi, na hivyo itaangukia hasa katika zile wiki za bei ya juu. Wapo wanaofunga huku wakiteleza, nami siwalaumu, ila mazoezi ya saa tano katika hewa kavu ya mlimani bila tone la maji si jambo ninalomshauri mtu anayejifunza. Idi itakuwa mnamo tarehe 9 au 10 Machi, na Pasaka itakuwa tarehe 28 Machi. Kati ya sikukuu hizo mbili kuna wiki ya Jumamosi tarehe 13 hadi Jumamosi tarehe 20 Machi, na kama familia yako haifungwi na shule, hiyo ndiyo wiki ya kuikamata sasa hivi. Wenye watoto wa shule wasishawishike kuwatorosha, kwani Ujerumani na Uingereza mzazi anaweza kutozwa faini. Wao wangoje likizo ya Pasaka na wachague kijiji kilicho juu.

Nimetaja Jumamosi mara kadhaa kwa makusudi. Nyumba nyingi za Alpi, hasa upande wa Ufaransa, hukodishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, na ndiyo maana siku hiyo barabara ya bonde la Tarentaise, inayoelekea Moûtiers na Bourg-Saint-Maurice, hugeuka kuwa msururu mmoja wa magari. Ukipata hoteli inayokubali wageni Jumapili hadi Alhamisi, umeokoa pesa na usingizi.

Kimo, na uwanja wa wanaoanza

Kanuni ni rahisi: kadiri msimu unavyosogea mwishoni, ndivyo unavyopaswa kupanda juu. Mwezi Januari vijiji vya chini kama Söll au mji wa Kitzbühel huko Austria, vilivyo katika kimo cha chini ya mita 1,000, vinatosha kabisa, na vina uhai wa kijiji cha kweli chenye kanisa, duka la mikate na ng'ombe zizini. Ikifika Aprili afadhali uende Obergurgl, ambako kijiji chenyewe kiko zaidi ya mita 1,900, au Val Thorens nchini Ufaransa katika mita 2,300, ingawa hapo penyewe ni majengo matupu yaliyosimikwa kwenye weupe na hakuna mti hata mmoja.

Suala la miti lina uzito kuliko linavyoonekana. Mawingu yanaposhuka juu ya mlima usio na miti, theluji na anga huwa rangi moja. Mtu haoni mteremko unaanzia wapi wala unaishia wapi, na wengine hupata kizunguzungu wakiwa wamesimama tu. Mahali penye misonobari jicho lina kitu cha kushika. Kwa sababu hiyo, kwa wanaojifunza, kijiji cha mita 1,200 au 1,500 chenye msitu na mashine za kutengeneza theluji ni chaguo lenye busara kuliko kilele chenye sifa kubwa.

Baada ya kimo, uliza swali ambalo matangazo hayalijibu: uwanja wa wanaoanza uko wapi? Katika vijiji vingine uko palepale kijijini, na mtoto akichoka unamrudisha nyumbani kwa miguu. Katika vingine uko juu, kiasi kwamba lazima upande gari la kamba asubuhi na kushuka nalo jioni, na mzazi asiyeteleza hulazimika kulipia pasi ili tu akamwone mwanawe. Uliza pia kama kuna pasi maalumu ya wanaoanza inayohusu lifti chache za chini, au kama pasi inaweza kununuliwa siku kwa siku. Les Trois Vallées za Ufaransa zina takriban kilomita 600 za njia, na muungano wa Dolomiti Superski huko Italia una maeneo 12 na karibu kilomita 1,200. Ni fahari kwa anayejua, lakini anayeanza hatazidi kilomita chache katika wiki nzima, tena zilezile.

Soma ramani ya njia kabla ya kulipa. Ufaransa njia nyepesi kuliko zote hupakwa rangi ya kijani, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida huanzia bluu. Tazama kama kuna njia ya bluu inayoteremka mpaka kijijini, kwa sababu mahali ambapo njia pekee ya kurudi ni nyekundu, jioni ya siku ya tatu huishia kwenye machozi.

Wanaobana matumizi huulizia Bansko nchini Bulgaria, na ni haki yao: bei ziko chini, nchi imeingia kikamilifu katika eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Januari 2025 na inatumia yuro tangu Januari 2026. Ila uwe tayari kwa foleni ya asubuhi ya kupanda kutoka mjini. Andorra nayo ni nafuu na shule zake za skii ni nzuri, lakini haimo katika Schengen na haina uwanja wa ndege wa abiria wa kimataifa, hivyo lazima upite Hispania au Ufaransa. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu akivuka kwenda Andorra ameshaitumia, na kurudi kwake ni shida.

Viza na bima

Mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen hana haja ya viza. Ndugu yake anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda anaihitaji, na hata anayeishi London kwa pasipoti ya Tanzania anaihitaji pia, jambo ambalo wengi hulikumbuka wiki ya mwisho. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayapaswi kuletwa ikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Miadi ya ubalozi ndiyo kikwazo kikubwa, kwa hiyo itafute Septemba. Omba katika ubalozi wa nchi utakakolala usiku mwingi zaidi: ukitua Geneva lakini ukalala wiki nzima upande wa Ufaransa, maombi ni ya Ufaransa, si ya Uswisi.

Bima ya viza, ile ya kulipia matibabu ya angalau yuro 30,000, mara nyingi haihusishi michezo ya majira ya baridi. Soma maandishi madogo na utafute mambo matatu: uokoaji mlimani pamoja na helikopta, matibabu ya kuvunjika mfupa, na fidia kwa mtu mwingine utakayemgonga. Helikopta ya Alpi haina huruma kwenye ankara. Nchini Italia bima ya kumlipa uliyemuumiza ni sharti la kisheria tangu 2022, na tangu Novemba 2025 kila anayeteleza humo, mkubwa kwa mdogo, lazima avae helmeti. Kwingine si sharti kwa watu wazima. Ivae hata hivyo. Tena bima nyingi hukoma pale unapotoka kwenye njia iliyowekewa alama, na huko nje ndiko maporomoko ya theluji yanakoua watu kila mwaka.

Viatu, soksi na uzito wa kweli

Skii, fimbo, viatu na helmeti hukodiwa kijijini, na ukiagiza mapema kwa intaneti utalipa kidogo kuliko anayeingia dukani Jumamosi jioni. Nguo ni shauri la tabaka tatu. Ya ndani kabisa iwe ya sufu nyepesi au ya nyuzi zisizoshika jasho. Pamba haifai, kwa sababu ikilowa inabaki imelowa na inakugandisha ukiwa kwenye lifti ya viti. Juu yake sweta, na juu ya sweta koti na suruali zisizopitisha maji. Koti na suruali unaweza kuazima kwa marafiki, na Ulaya karibu kila mtu ana jamaa mwenye seti kabatini. Glavu usiazime, nunua nzuri.

Viatu ndivyo vinavyoamua kama utaipenda likizo au utaichukia, kwa hiyo tenga saa nzima dukani. Vaa soksi moja tu, ndefu hadi chini ya goti. Mara yangu ya kwanza nilivaa mbili, nikidhani namkomoa baridi. Mikunjo ilinikata damu isipite, na kufikia saa tano asubuhi vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ingiza mguu, piga kisigino sakafuni ili kiketi nyuma kabisa, ndipo ufunge. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukipinda magoti na kuegemeza ugoko mbele, vidole viachie kidogo. Kisigino kisipande hata ukijaribu kukiinua. Suruali ya ndani isiingie kwenye kiatu hata kidogo: kiatu kinataka soksi na mguu, basi. Kikikuuma mahali pamoja tu, sema papo hapo, na kama kitakuuma kesho, kirudishe kesho. Duka la maana hubadilisha bila kunung'unika.

Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako, kisha atarekebisha vifungo vinavyoshika kiatu kwenye skii kwa kutumia pia urefu wa soli. Hapa ndipo watu hudanganya. Dada hupunguza kilo, kaka hujitaja kuwa ni hodari, na shemeji humwambia fundi kwamba yeye si mwanzaji kwa kuwa aliwahi kuteleza siku mbili miaka kumi iliyopita. Kifungo kilichokazwa kwa uzito wa uongo ama hufunguka ovyo katikati ya mteremko, ama kinakataa kufunguka mtu anapoanguka, na goti ndilo linalolipa. Mwambie fundi ukweli hata kama mkwe anasikiliza.

Masomo

Usimfundishe mkeo, mumeo wala mwanao. Lipia darasa la kikundi la asubuhi tano au sita, linaloanza Jumapili au Jumatatu, na uliagize mara tu baada ya nyumba, ukitaja lugha unayotaka. Ufaransa shule iliyoenea zaidi ni École du Ski Français, iliyoanzishwa 1945, ambayo walimu wake utawatambua kwa makoti mekundu. Siku ya kwanza utafundishwa kukusanya ncha za mbele za skii na kutanua za nyuma, umbo la paa la nyumba, ili ziburuze na kupunguza mwendo. Watoto huambiwa watengeneze kipande cha pizza, na wanaelewa kabla mwalimu hajamaliza kusema. Utajifunza pia kwamba aliye mbele yako mteremkoni ndiye mwenye haki, kwa kuwa hakuoni, na kwamba wa kupumzika husimama pembeni. Katika dharura nambari ya kupiga ni 112.

Kama ndugu anasema mambo haya si ya Waafrika, mtajie Philip Boit, aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998 ilhali alianza kujifunza 1996: alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri mstarini kumkumbatia. Miaka 20 baadaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliteremka kwa bendera hiyohiyo kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Na wanaopitia Ghuba wanaweza kuonja kabla ya kulipia Alpi, kwani Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005 ndani ya jengo la maduka, ina theluji halisi na walimu. Walioko Uingereza wana ukumbi wa namna hiyo Milton Keynes. Saa mbili humo zitakuokolea asubuhi nzima mlimani.

Jua na sufuria

Ngozi nyeusi huungua mlimani. Miale ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 yake kuelekea kidevuni na chini ya pua, mahali ambapo hakuna mtu anayekumbuka kupaka. Chukua losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, mafuta ya midomo, na miwani ya theluji kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo.

Kwa wasiokula nguruwe wala kunywa pombe, vyakula maarufu vya Alpi vina mitego. Fondue ya jibini hupikwa kwa mvinyo mweupe, tartiflette hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe, na raclette, ambayo yenyewe ni jibini na viazi, huletwa na sahani ya nyama hizohizo. Uliza kabla. Nyumba yenye jiko hutatua tatizo hili pamoja na lile la bei za migahawa ya mlimani, ila kumbuka kwamba katika kimo cha Val Thorens maji huchemka kwenye takriban nyuzi 92, hivyo mchele huhitaji muda na maji zaidi, na maharage yatakuweka macho usiku. Yachemshe nyumbani, uyagandishe na uyabebe.

Barabarani

Anayeendesha gari ahakikishe lina matairi ya majira ya baridi. Ufaransa, katika maeneo mengi ya milima, matairi hayo au minyororo ni sharti tangu tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, na Austria huyataka barabara inapokuwa na theluji. Fanya mazoezi ya kufunga minyororo uani kwako mchana, kabla ya kuifunga gizani huku malori yakipita. Zermatt hakuingii magari ya kawaida: unaegesha Täsch na kumalizia kwa treni.

Mwisho wa wiki rudisha vifaa Ijumaa jioni, mara tu uvuapo viatu, na udai risiti. Jumamosi asubuhi kila mgeni wa kijiji atakuwa kwenye foleni ileile na skii begani, na basi la kwenda uwanja wa ndege halisubiri.